Jinsi ya Kupima Alteneta ya Gari Nyumbani Kabla Hujanunua Nyingine

Gari lililoegeshwa jana likiwa zima linakataa kuwaka asubuhi, jirani analibusti, linawaka, na swali linalofuata ni lile lile kila mara: kilichokufa ni betri au ni alteneta? Majibu ya barabarani huwa mengi kuliko vipimo, na ndiyo maana wenye magari wengi hununua betri mpya ambayo nayo inaisha chaji baada ya siku chache, au hununua alteneta ya mtumba wakati ugonjwa wote ulikuwa kwenye waya mmoja wa ethi ulioota kutu. Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe ambaye hujawahi kushika kipimo cha umeme. Hutahitaji kufungua alteneta, na vipimo vingi utavimaliza gari likiwa limesimama uani.

Nadharia unayoihitaji ni ndogo. Kazi kubwa ya betri ni kupiga stata; injini ikishawaka, alteneta inayozungushwa na mkanda ndiyo inayolisha taa, redio, feni, pampu ya mafuta na plagi, na wakati huo huo inairudishia betri chaji iliyotumika. Kwa kuwa umeme hutiririka kutoka penye volti nyingi kwenda penye volti chache, alteneta haiwezi kuichaji betri yenye volti 12 na ushei isipokuwa itoe volti zaidi ya hizo, na katika magari mengi hutoa kati ya 13.5 na 14.8. Karibu kila kipimo kilichoelezwa hapa chini kinauliza jambo hilo moja: je, hizo volti zinatoka, na je, zinaifikia betri?

Usichomoe waya wa betri injini ikiwa inawaka

Hili linatangulia hatua zote kwa sababu ndiyo njia inayopendwa zaidi vijiweni: injini inawashwa, kichwa cha waya wa betri kinachomolewa, na gari likizima inatangazwa kwamba alteneta imekufa. Magari ya zamani ya kabureta na platini yaliivumilia tabia hiyo. Magari ya sasa yana kontroli boksi ya injini, na mengine yana kontroli boksi za gia, breki na mifuko ya hewa, na zote hazipendi mshtuko wa volti. Betri inapoondolewa ghafla wakati alteneta inasukuma umeme mwingi, regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti volti za alteneta, haiwahi kuupunguza, na kwa muda mfupi sana volti hupanda hadi makumi, na katika hali mbaya hukaribia 100. Muda huo mfupi unatosha kuunguza dayodi za alteneta yenyewe (vipande vya ndani vinavyounyoosha umeme wake), redio, au kontroli boksi ambayo bei yake inazidi ile ya alteneta kadhaa.

Ubaya wa pili ni kwamba hata ukinusurika, jibu ulilopata halina maana. Alteneta yenye dayodi moja iliyokufa inaweza kuendelea kuliwasha gari vizuri tu bila betri, na alteneta nzima inaweza kuliacha gari lizime kwa sababu mzigo umebadilika ghafla injini ikiwa chini. Fundi akitaka kukupimia kwa njia hiyo, mwombe kwa upole asubiri utumie kipimo chako.

Magari ambayo mwongozo huu hauyahusu moja kwa moja

Namba nitakazozitaja ni za magari ya petroli na dizeli yenye mfumo wa volti 12, kama vile Corolla, IST, Vitz, Probox, Noah, X-Trail na mengineyo mengi yanayoingia kutoka Japani. Malori na mabasi ya volti 24 hupimwa kwa hatua zile zile, ila namba ni maradufu; alteneta zake huchaji kwenye volti 27 hadi 29 hivi.

Magari ya haibridi kama Toyota Prius na Aqua hayana alteneta kabisa. Betri yake ndogo ya volti 12 huchajiwa na kigeuzi kinachopunguza umeme wa betri kubwa, na betri hiyo kubwa ina volti za kuua mtu. Ya Prius, kwa mfano, katika matoleo mengi ina volti 201.6. Ukifungua boneti ukaona nyaya nene za rangi ya machungwa, usiziguse na usichomeke kipimo chako humo.

Honda nyingi, zikiwemo Fit, zina tabia yake ambayo imewapotosha wengi. Gari likiwa halina mzigo, kompyuta huishusha alteneta makusudi hadi volti 12.4 au 12.9 ili kupunguza matumizi ya mafuta, kisha taa kubwa zikiwashwa volti zinaruka hadi juu ya 14. Kwa hiyo ukipima Honda bila kuwasha taa, unaweza kuihukumu alteneta isiyo na hatia. Magari mengi mapya ya Ulaya nayo hupandisha na kushusha volti kadiri kompyuta inavyoona.

Vitu vya kuandaa

- Multimita ya kidijitali. Ile ya bei ndogo ya rangi ya njano au nyeusi inayouzwa maduka ya vifaa vya umeme inatosha kwa vipimo vyote isipokuwa kimoja, ambacho nitakieleza tutakapofika.
- Spana namba 10, ambayo hufungua vichwa vya nyaya za betri katika Toyota nyingi.
- Brashi ya waya au kipande cha msasa, na kitambaa kikavu.
- Magadi kidogo na maji ya vuguvugu, endapo betri imeota unga mweupe au wa kijani.
- Tochi, kwa kuwa alteneta nyingi zimejificha chini, upande wa mkanda.
- Miwani ya kukinga macho.
- Msaidizi mmoja wa kukaa kwenye usukani na kukanyaga mafuta unapomwambia.

Legeza au vua chochote kinachoning'inia: tai, mtandio, kamba ya kitambulisho, mikono mirefu ya shati, nywele ndefu zifungwe. Vua pia pete na saa ya chuma, kwa sababu pete ikigusa ncha chanya na bodi kwa pamoja inakuwa nyekundu kwa moto kabla hujatoa mkono. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, hivyo sigara na kiberiti vikae mbali. Fanyia kazi hii nje, si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa kuwa injini itawaka kwa dakika kadhaa na moshi wake una sumu isiyonusika.

Sasa tayarisha kipimo. Waya mweusi uchomekwe kwenye tundu lililoandikwa COM, na mwekundu kwenye tundu lenye herufi V. Zungusha kitufe hadi kwenye alama ya V yenye mstari ulionyooka na vinukta chini yake, kwenye namba 20. Hakikisha waya mwekundu hauko kwenye tundu lililoandikwa 10A. Tundu hilo ni la kupimia ampea, na ukiligusisha kwenye ncha mbili za betri umeunda shoti ya moja kwa moja. Vipimo vingi vya bei ndogo vimeandikwa pale pale kwamba tundu hilo halina fyuzi, kwa hiyo kitakachoyeyuka ni waya ulioushika.

Hatua za kupima

1. Isome taa ya betri kwenye dashibodi. Zungusha ufunguo hadi mahali pa mwisho kabla ya stata, bila kuwasha injini. Taa nyekundu yenye picha ya betri lazima iwake. Washa injini, taa hiyo lazima izime ndani ya sekunde moja au mbili. Ikiwa haiwaki kabisa kabla ya injini, usifurahi, maana katika magari mengi waya wa taa hiyo ndio unaoiamsha alteneta, na balbu iliyoungua au waya uliokatika unaweza kuiacha ilale. Ikiwa inabaki imewaka baada ya injini kuwaka, gari linakwambia wazi kwamba hakuna chaji. Taa kuzima, hata hivyo, si hati ya kwamba kila kitu ni salama, kwani alteneta inayochaji nusu nusu mara nyingi haiiwashi.

2. Kagua mkanda, injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Tafuta nyufa, nyuzi zilizochomoka, na hasa mng'ao wa kioo upande wa ndani, ambao ni dalili ya mkanda unaoteleza. Ubonyeze kwa dole gumba katikati ya puli mbili zilizo mbali zaidi. Ukizama kiasi cha sentimita moja hivi ni wa kawaida, ukicheza kama kamba ya kuanikia nguo umelegea. Baadhi ya magari yana kikaza mkanda cha springi kinachojikaza chenyewe, lakini katika mengine, kama yale yenye injini ya 1NZ, alteneta yenyewe ndiyo husogezwa kwa bolti ili kuukaza, na ni kawaida bolti hiyo kuachwa bila kukazwa vizuri baada ya matengenezo. Mkanda unaopiga kelele asubuhi au baada ya mvua, kisha ukanyamaza injini ikipata moto, unateleza. Mkanda uliolowa oili hausafishiki. Ubadilishe baada ya kuziba mahali oili inapovujia.

3. Safisha vichwa vya nyaya za betri. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu haionekani kuwa ya kitaalamu, na ndiyo inayotibu magari mengi. Zima kila kitu, fungua waya hasi kwanza, kisha chanya. Mwagia magadi yaliyoyeyushwa palipo na unga, uache uchemke na kutulia, suuza, kausha, kisha sugua ndani ya vichwa na juu ya ncha za risasi hadi ziwe na rangi ya kung'aa. Rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Kichwa kilichokazwa vizuri hakizunguki hata kidogo ukikishika kwa mkono. Kikizunguka, betri yako ilikuwa haipokei chaji ipasavyo. Redio inaweza kudai namba ya siri na vioo vya umeme vikasahau mpangilio baada ya betri kufunguliwa, kwa hiyo uwe na namba hiyo kabla hujaanza.

4. Pima betri ikiwa imepumzika. Gari liwe limekaa saa kadhaa bila kuwashwa, na inafaa zaidi usiku kucha. Kama limetoka barabarani sasa hivi, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Waya mwekundu wa kipimo kwenye ncha chanya, mweusi kwenye hasi. Gusisha kwenye risasi ya betri yenyewe, si kwenye kichwa cha waya. Volti 12.6 na zaidi ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni kama robo. Chini ya 11.9 hesabu kwamba ni tupu. Ukiikuta tupu, ichaji kwa chaja kabla ya kuendelea, kwa sababu betri tupu huzivuta chini volti za alteneta hata kama alteneta ni nzima, na utasoma uongo. Tena alteneta haikutengenezwa kufufua betri iliyokufa. Ikilazimishwa kufanya hivyo safari nzima inapata moto kupita kiasi.

5. Tazama volti wakati wa kupiga stata. Kipimo kikiwa bado kwenye betri, msaidizi apige stata nawe utazame namba. Zikishuka chini ya 9.6 wakati betri ilisomeka imejaa, basi betri imechoka au stata inavuta kupita kiasi. Hata alteneta ikija kuonekana nzima katika hatua zinazofuata, betri hiyo itaendelea kukuaibisha.

6. Pima chaji, injini ikiwa inawaka bila mzigo. Gia iwe kwenye P, au fri kwa gari la manyuo, na breki ya mkono imevutwa. Zima taa, redio na kiyoyozi. Gusisha kipimo kwenye betri kama awali. Dakika chache baada ya kuwaka, gari la kawaida litaonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5. Msaidizi akanyage mafuta taratibu hadi mshale wa mizunguko ufike 2 kwenye dashibodi, yaani 2000 kwa dakika, na aushikilie hapo. Namba isicheze sana. Toyota kwa injini zake nyingi huruhusu volti 13.2 hadi 14.8 katika hali hiyo. Namba ikibaki ile ile uliyoisoma injini ikiwa imezimwa, au inashuka polepole, hakuna chaji. Ikipita 15 zima injini mara moja, maana regyuleta imeshindwa kuzuia na betri inapikwa.

7. Bebesha alteneta mzigo. Alteneta mgonjwa huweza kujifanya mzima ikiwa haijabebeshwa kitu. Washa taa kubwa za juu, feni ya ndani kwenye namba ya mwisho na kipasha moto cha kioo cha nyuma, kisha msaidizi ashikilie mizunguko 2000. Volti zishuke kidogo tu na zibaki juu ya 13.2. Injini ikiachwa chini bila mafuta volti zinaweza kupungua zaidi, na si jambo la kushtua ilimradi zipande tena mafuta yakikanyagwa. Lakini zikiporomoka hadi 12 na kitu hata kwa mizunguko 2000, ama mkanda unateleza, ama alteneta imepoteza sehemu ya nguvu zake. Mwenye kipimo cha kubana kinachopima ampea za umeme wa betri akibane kwenye waya mnene unaotoka kwenye alteneta: katika hali hii ya mzigo Toyota hutarajia ampea 30 au zaidi.

8. Pima nyuma ya alteneta yenyewe. Hatua hii ndiyo inayotenganisha alteneta mbovu na waya mbovu. Nyuma ya alteneta kuna bolti moja iliyofunikwa kwa mpira, imeshika waya mnene, na mara nyingi ina herufi B. Fahamu kwamba bolti hiyo ina umeme wa betri saa zote, hata ufunguo ukiwa umetolewa. Spana ikiigusa pamoja na bodi italipuka cheche kubwa. Funua mpira injini ikiwa imezimwa, panga mikono na nyaya mbali na mkanda na feni, kisha washa. Waya mwekundu kwenye bolti B, mweusi kwenye ncha hasi ya betri. Linganisha na ulichosoma kwenye betri. Ikiwa B ina 14.3 na betri ina 14.2, njia ni safi. Ikiwa B ina 14 na kitu na betri imebaki 12.4, alteneta inafanya kazi yake na umeme unapotelea njiani, na jambo la kwanza la kuangalia ni fyuzi kubwa ya ALT, ambayo katika Toyota nyingi iko kwenye boksi la fyuzi ndani ya boneti na imeandikwa ampea 100, 120 au 140. Fyuzi hiyo huungua sana pale gari linapobustiwa kwa nyaya zilizogeuzwa. Nyingi kati ya hizo zimefungwa kwa skrubu ndani ya boksi, kwa hiyo usizivute kwa koleo. Na kabla ya kuifungua, ondoa waya hasi wa betri.

9. Pima volti zinazopotea kwenye nyaya. Rudisha mzigo wote wa hatua ya 7, mizunguko 2000. Weka waya mwekundu kwenye bolti B na mweusi kwenye ncha chanya ya betri. Usishangae kuona namba ndogo, kwani sasa unapima kinachopotea kati ya hapo na hapo. Kisizidi 0.3. Kisha weka mwekundu kwenye chuma kisicho na rangi cha bodi ya alteneta na mweusi kwenye ncha hasi. Hapo kisizidi 0.2. Namba ikizidi upande wa chanya, fuata waya mnene kiungo kwa kiungo. Ikizidi upande wa hasi, tafuta waya wa ethi unaounganisha injini na bodi ya gari, ambao baada ya kazi ya injini au gia aghalabu husahauliwa bila kurudishwa, au hurudishwa juu ya rangi na kutu. Dalili yake nyingine ni taa zinazofifia kila unapopiga honi.

10. Pima dayodi, ikiwa kipimo chako kinafaa. Alteneta huzalisha umeme wa kugeuka geuka kama ule wa nyumbani, na dayodi zilizo ndani yake huunyoosha. Dayodi ikifa, mawimbi hupenya hadi kwenye betri. Hamishia kitufe kwenye V yenye alama ya wimbi, gusisha kwenye betri injini ikiwa inawaka na taa zimewashwa; isiyo na hitilafu hutoa chini ya 0.1 hivi, na ikipita 0.5 dayodi ni za kushukiwa. Tatizo ni kwamba multimita nyingi za bei ndogo zina ngazi za 200 na 750 tu upande huo, na hazichuji umeme wa kawaida wa betri. Kwanza kijaribu kipimo chako: injini ikiwa imezimwa, gusisha kwenye betri kikiwa kwenye wimbi. Betri pekee haina wimbi lolote, kwa hiyo kinatakiwa kionyeshe sifuri. Kikionyesha 20 na ushei, na ukigeuza nyaya kikaonyesha sifuri, hicho hakifai kwa kipimo hiki. Usiitupe alteneta kwa ushahidi wake.

Kama hakuna chaji kabisa

Ikiwa bolti B nayo inaonyesha volti za betri tu injini ikiwa inawaka, bado usiifungue alteneta. Zima injini, tafuta plagi ndogo yenye nyaya mbili, tatu au nne iliyochomekwa nyuma au ubavuni mwake. Ichomoe kwa kubonyeza kibano chake, angalia kama kuna kutu, matope au pini iliyorudi ndani, kisha irudishe hadi isikike ikibana. Katika alteneta nyingi za Toyota pini iliyoandikwa IG hupeleka umeme wa ufunguo kwenye regyuleta. Ufunguo ukiwa mahali pa mwisho kabla ya stata, waya huo lazima uwe na volti karibu sawa na za betri. Ukikosa, tafuta fyuzi iliyoungua ndani ya gari kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kisha jaribu sumaku. Ufunguo ukiwa mahali hapo hapo kabla ya stata, injini imezimwa na taa ya betri imewaka, sogeza ncha ya spana karibu na katikati ya mgongo wa alteneta, pale beringi ya nyuma ilipo. Ukihisi inavutwa, umeme unafika kwenye rota (sumaku inayozunguka ndani ya alteneta) kupitia kaboni, yaani vipande vidogo vinavyoigusa rota na kuipa umeme. Ukiwa umehakikisha umeme unaingia kwenye plagi na spana haivutwi hata kidogo, kwa kawaida kaboni zimeisha au regyuleta imekufa. Katika alteneta nyingi vitu hivyo viwili hubadilishwa bila kununua alteneta nzima. Kumbuka kuondoa spana kabla ya mtu yeyote kugusa ufunguo.

Matatizo yanayoulizwa mara kwa mara

*Vipimo vyote ni vizuri, lakini kila asubuhi betri imeisha.* Gusa mwili wa alteneta asubuhi, kabla ya kuliwasha gari lililolala bila kutumika. Ukiwa na uvuguvugu wakati vyuma vingine vyote ni baridi, dayodi inavujisha umeme usiku kucha na alteneta yenyewe ndiyo inayomaliza betri. Ikiwa ni baridi, shuku vitu vilivyoongezwa baadaye: alamu, redio isiyozimika, kifaa cha kufuatilia gari. Gari lililofungwa na kutulia halitakiwi kuvuta zaidi ya miliampea 50 hivi.

*Linachaji asubuhi, linaacha kuchaji foleni ikikolea.* Rudia hatua ya 6 na ya 7 baada ya kuendesha nusu saa, boneti likiwa bado la moto. Volti kushuka kutoka 14.4 hadi 13.7 ni kazi ya regyuleta yenyewe, ambayo hupunguza chaji kadiri joto linavyopanda, na kwa jua la Dar es Salaam au Mombasa hiyo ni hali ya kila siku. Kushuka hadi 12 na kitu ni ugonjwa. Kaboni fupi na waya wa ndani uliopasuka huonekana tu vikipata joto.

*Taa zinapiga piga na kipimo hakitulii.* Anza na mkanda na ile plagi ndogo ya nyaya kwenye alteneta. Kaboni zilizokaribia kuisha hufanya hivyo pia, hasa kwenye barabara ya makorongo, ambapo kila mtikisiko huzitenganisha na rota.

*Maji ya betri yanakwisha haraka na kuna harufu ya yai viza.* Chaji imezidi. Pima tena kwa mizunguko 2000, na ukikuta juu ya 15 usiendeshe gari hilo hadi regyuleta ibadilishwe, kwa kuwa balbu na kontroli boksi zinaumia pamoja na betri.

*Alteneta inalia kama king'ora kidogo.* Mlio unaopanda na kushuka na mizunguko ya injini, na kuongezeka ukiwasha taa, ni wa dayodi. Mkwaruzo usiobadilika kwa mzigo ni wa beringi. Beringi haisubiri, ikikwama mkanda unakatika, na katika magari ambayo mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji, injini inachemka baada ya kilomita chache.

*Ilikufa siku chache baada ya kuosha injini.* Maji ya presha yaliyochanganyika na vumbi hufanya tope kati ya kaboni na rota. Wakati mwingine hukauka na kazi ikarudi. Wakati mwingine fundi lazima aifungue na kuisafisha. Waombe waoshaji waifunike kwa mfuko wa nailoni, nao wakumbuke kuuondoa.

*Nimehakikisha ni mbovu, nitanunuaje nyingine?* Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala), nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha idadi ya ampea kwenye kibandiko, umbo la plagi na idadi ya pini, idadi ya mifereji kwenye puli, na mahali matundu ya bolti yalipo. Ampea kuzidi kidogo si tatizo. Kupungua ni tatizo. Omba izungushwe kwenye mashine ya kupimia mbele yako, na mkubaliane kwa maandishi kuhusu kuirudisha. Wakati wa kuifunga, waya hasi wa betri uwe umeondolewa tangu mwanzo, kwa sababu ya ile bolti B isiyolala, na ukimaliza rudia hatua ya 6 hadi ya 9 kabla hujamlipa fundi.